Mfuko wa Msiba na Mwanamke wa Nyumba ya Chini

Katika kartie yetu hakuna mtu anayeweza kudai kwamba hakusikia. Sisi wa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tumejenga mteremkoni, nyumba juu ya nyumba, kiasi kwamba bati la jirani wa chini liko usawa mmoja na ua wa jirani wa juu, na kuta nyingi ni za mbao ambazo mvua na jua vimezitenganisha. Mtoto akikohoa usiku katika nyumba ya chini, mimi huamka. Najua siku wanayokaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na najua siku wanayolala njaa. Kwa hiyo usiku mmoja wa mwaka 2019, baba wa nyumba ile alipoanza kumpiga mke wake, nilisikia tangu kofi la kwanza, nikasikia kiti kikianguka, nikamsikia mtoto wao mkubwa akiita baba yake, kisha kikafuata kimya ambacho kilinitisha kuliko kelele zote zilizotangulia.

Nilikuwa nimekwisha kukaa kitandani, nikitafuta kitenge cha kujifunga. Mume wangu, ambaye hajawahi kuniinulia mkono na ambaye kila mtu katika avenyu anamheshimu, alinishika bega akaniambia, «Lala. Mambo ya bibi na bwana haiko yetu.» Nikalala. Asubuhi yule mama alipanda kwangu kuomba chumvi, kitenge amekivuta hadi karibu na jicho. Nilimpa chumvi, nikampa na maneno ambayo sisi wote tuliyapokea kutoka kwa mama zetu: «Vumilia, mama. Utafanya je, na watoto wanne?» Alinishukuru, akashuka. Kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya siku hiyo hakupanda tena kuomba kitu chochote kwangu, hata moto wa makaa.

Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka ishirini na mbili, na katika kartie neno la mwalimu lina uzito. Siku ile nilidhani nimemfariji, kumbe nilikuwa nimemfungia mlango kwa maneno ya upole.

Huu ni mji ambao dunia inaufahamu kwa sababu ya wanawake walioumizwa. Hospitali ya Panzi ilianzishwa hapa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, ambaye mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Hapa pia pana Mji wa Furaha, uliofunguliwa mwaka 2011, ambako wanawake waliobakwa huishi miezi kadhaa wakijifunza na kupona. Kutokana na kazi ya Panzi tulijifunza sote, hata sisi tusio wauguzi, kwamba aliyeumizwa anahitaji mambo manne yanayokwenda pamoja: matibabu ya mwili, mtu wa kumsaidia moyo na akili, msaada wa sheria, na njia ya kupata riziki. Tulijifunza kwamba mgonjwa hatakiwi kurandaranda kutoka ofisi moja hadi nyingine akisimulia upya aibu aliyofanyiwa. Wapo huko akina mama wanaoitwa maman chérie, ambao kazi yao ni kukaa na mwanamke aliyefika, kumsikiliza, kumsindikiza kwa daktari na kurudi naye. Elimu hiyo yote ilipatikana mjini mwetu, kwa gharama ya machozi ya dada zetu wa Walungu, Kabare, Shabunda na kwingineko.

Hata hivyo, polepole na bila mtu yeyote kutangaza hivyo, tukawagawa wanawake katika mafungu mawili. Aliyebakwa na mtu mwenye bunduki porini tukamwita aliyenusurika, tukampikia, tukamwombea katika shirika, yaani jumuiya yetu ndogo ya parokia. Aliyevunjwa mkono na mume wake jikoni tukamwuliza alifanya nini hadi bwana akakasirika. Sheria nazo zinauonyesha mgawanyo huo. Sheria mbili za Julai 2006 zilifanya adhabu ya ubakaji kuwa kali na kutaka uchunguzi wa awali umalizike ndani ya mwezi mmoja, lakini hazitaji waziwazi kosa hilo likitendwa na mume. Sheria ya Desemba 2022 imefungua njia ya fidia kwa walioathiriwa na ukatili wa kingono wa wakati wa vita, na ni jambo jema sana, lakini mama wa nyumba ya chini hamo. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimwamuru mke amtii mume. Ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016 amri hiyo iliondolewa, pamoja na lile sharti la mke kupata ruhusa ya mume kabla ya kufanya mambo mengi ya kisheria, ingawa mume bado anatajwa kuwa mkuu wa nyumba. Sheria mahususi juu ya ukatili wa nyumbani hatuna. Anayepigwa anabaki na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1940, ambayo inaadhibu kumpiga na kumjeruhi mtu yeyote, awe mke au mpita njia. Mtu akikwambia kwamba hakuna kosa katika kumpiga mkeo, anakudanganya.

Wala hatuzungumzii watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya familia wa miaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba asilimia 52 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 katika nchi yetu walikuwa wamekwisha kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikisha miaka 15. Katika uchunguzi huohuo, wanawake wapatao watatu kati ya wanne walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mke angalau kwa sababu moja kati ya zilizotajwa, kama vile kuunguza chakula, kutoka bila kuaga au kubishana naye. Niliposoma hilo sikushangaa. Nilikumbuka chumvi.

Mabadiliko katika avenyu yetu hayakuletwa na mradi wala na semina. Yalitoka katika sanduku la akiba. Sisi wanawake ishirini na tano tuna kikundi cha AVEC, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, kinachokutana kila Jumatano alasiri. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake zinashikwa na wanawake watatu wanaokaa mbalimbali, ili asiwepo mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Kila mmoja hununua hisa kadiri ya uwezo wake, na pembeni tunatoa mia tano franka kila juma kwa mfuko wa msaada, ambao sisi wenyewe tunauita mfuko wa msiba, kwa maana kanuni yake inasema utasaidia katika mambo matatu tu, yaani msiba, uzazi na ugonjwa.

Mwishoni mwa mwaka 2020 mama wa nyumba ya chini, ambaye ni mwanachama, alikosa vikao viwili. Kwenye kikao cha tatu alifika akiwa na mkono uliofungwa kwa kitambaa, akaomba msaada wa kwenda hospitali. Mweka hazina alifungua daftari, akauliza, kama kanuni inavyotaka, ni ugonjwa gani. Yule mama akanyamaza. Sote tulijua, na mimi nilijua kuliko wote. Ndipo mmoja wetu, bila ubaya wowote, akasema kwamba kupigwa si ugonjwa, kwamba tukianza kutoa fedha kwa ajili ya kupigwa mfuko utakwisha kabla ya Pasaka, na kwamba waume wetu wakisikia watatutoa katika kikundi.

Ukimya ulivunjwa na mjane mmoja anayeuza makaa, ambaye sote tunamwita Koko kwa sababu ya umri wake. Koko hakuwahi kusema mengi vikaoni. Aliuliza swali moja tu: «Akikufa tutatoa?» Mweka hazina akajibu kwamba ndiyo, tutatoa, maana huo ni msiba. «Basi mnangoja nini?» akasema Koko. «Mnataka mumnunulie sanduku?»

Sijasikia hotuba juu ya haki za wanawake iliyonigusa kama swali lile. Tulibishana hadi giza likaingia, na mwisho tukaandika daftarini jambo la nne, kwa maneno ambayo mimi kama mwalimu nilipewa kazi ya kuyapanga: mwanachama aliyeumizwa nyumbani atasaidiwa kama mgonjwa, wala hataulizwa sababu ya kupigwa kwake. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyotuchukua saa nzima. Wengine walitaka tuulize kwanza, tujue kama alitukana au alichelewa kurudi. Ilipita kwa kura kumi na nne dhidi ya kumi na moja.

Fedha zililipa pikipiki na matibabu, na zililipa pia cheti cha daktari. Hapa nawaomba wasomaji wangu wawe na subira, kwa sababu mambo ya saa na siku ndiyo yanayosahaulika watu wakiwa katika machozi. Aliyepigwa aende kituo cha afya mapema, kabla alama hazijafifia, na aombe cheti kinachoeleza majeraha yake, hata kama leo hataki kushtaki, kwa sababu karatasi hiyo haidai chochote ikikaa, lakini isipokuwepo baada ya miezi sita ushahidi unakuwa mgumu. Aliyelazimishwa kingono, hata na mume wake, anapaswa kufika ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa zikianzwa ndani ya muda huo, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Kisha huzimeza kwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi siku ya tano, nayo pia inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahiwa. Sasa kila mwanamke wa kikundi chetu anajua saa hizo kwa kichwa, kama watoto wangu wanavyojua jedwali la kuzidisha.

Swali gumu zaidi lilikuwa mahali pa kulala. Kwao yule mama hakukuwa na njia. Ng'ombe wa mahari walikwisha kuliwa zamani, mmoja aliuzwa kwa ajili ya karo ya kaka yake, na wazee wa ukoo walimwambia arudi kwa mume kabla hawajaulizwa juu ya ng'ombe. Mimi nilikuwa tayari kumpokea, lakini wenzangu walinionya juu ya jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: katika nyumba yangu kuna mwanamume. Siku ya pili mume wake angepita akisema kwamba baba wa nyumba ya juu amemchukulia mke, na maneno hayo yangegeuza jeraha lake kuwa ugomvi wa wanaume wawili, na yeye angekuwa ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo akalala kwa Koko. Nyumba ya mjane mzee haina mwanamume wa kushukiwa, na hakuna kijana wa avenyu anayethubutu kusukuma mlango wa Koko usiku. Tangu wakati huo wamelala pale wanawake watano, kwa nyakati mbalimbali, na tumekubaliana kwamba habari ya nani yuko pale haisemwi sokoni wala katika shirika, hata katika sala, maana sala nazo hutoboa siri.

Tulikosea pia, na kosa letu kubwa lilitoka katika nia njema. Tulimwita mume, tukamwita shefu wa avenyu na wazee wawili, tukawaketisha wote pamoja ili wapatane. Baba yule alizungumza vizuri sana. Aliomba msamaha, akasema ni pombe na ukosefu wa kazi. Wazee wakamtoza faini ya mbuzi na kasha la bia, wakaandika karatasi, wote wakatia saini, na mke akaulizwa mbele ya mume wake kama ameridhika. Angejibu nini? Alisema ameridhika. Mbuzi aliliwa na waamuzi. Usiku ule alipigwa kwa sababu ya mbuzi. Tangu hapo naamini, na sitabadili maneno yangu, kwamba mapatano ya meza moja hayamfai mtu anayemwogopa aliyeketi mkabala naye. Wazee wana kazi yao. Wanaweza kumkemea mwanamume peke yake, wanaweza kumwambia kwamba avenyu nzima inamsikia. Lakini wasimwulize mke kama ameridhika huku mume anamtazama.

Kuhusu wanaume nitasema machache, kwa kuwa wenyewe wanapaswa kuliandika hili. Huko Goma ilianza kazi ya vikundi vinavyoitwa Living Peace, ambamo wanaume hukutana kwa majuma mengi wakizungumza juu ya vita waliyoipitia, juu ya aibu ya kutoweza kulisha nyumba, na juu ya mikono yao. Naiheshimu kazi hiyo. Mwanamume aliyebebeshwa mzigo na vita anastahili kusikilizwa, lakini asisikilizwe juu ya mgongo wa mke wake, na mke asiambiwe angoje hadi majuma hayo yaishe.

Mume wangu alichukua muda. Hakuwahi kuomba radhi kwa neno lile la usiku wa 2019, nami sikumdai. Siku moja mwaka 2021, kelele zilipoanza tena chini, aliamka kabla yangu, akasimama uani na taa, akaanza kupiga bati la jirani kwa fimbo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi, akiita kwa sauti ya kawaida, «Baba, habari ya usiku? Tuko macho huku.» Nyumba ya tatu nao wakawasha taa. Kelele zikakoma. Sisemi kwamba hilo linatosha. Lilimpa yule mama usiku mmoja, na usiku mmoja kwa aliyemo ndani ni kitu kikubwa.

Mwezi Februari 2025 mji wetu uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Benki zilifungwa, jela zikafunguka na wafungwa wakatoka, na wanawake waliokuwa wamethubutu kushtaki waliamka wakijua kwamba aliyewaumiza yuko mtaani. Karatasi zilizosubiri hukumu zikawa karatasi tu. Katika majuma yale nilielewa kwa nini sikupaswa kamwe kuwaza kwamba msaada ni jambo la ofisi pekee. Ofisi zinahitajika, na nitazidai hadi mwisho: hakimu, polisi anayeandika malalamiko bila kudai fedha ya karatasi, daktari. Lakini siku ofisi zilipofungwa, palibaki kufuli tatu, mlango wa Koko na watu wenye taa uani. Sanduku lenyewe tulilihamisha mara nne, na mfuko wa msiba ulipungua hadi ukakaribia kwisha, kwa kuwa misiba ya kweli ilikuwa mingi. Jambo la nne halikufutwa daftarini.

Mama wa nyumba ya chini alirudi kwa mume wake. Wengi huuliza hapo, na naona katika macho yao wanavyokata tamaa. Baada ya majuma matatu kwa Koko mara ya kwanza alirudi, na mara ya pili baada ya miezi miwili alirudi tena. Baadhi yetu tulikasirika. Mmoja alisema aondolewe katika orodha ya mfuko, kwa maana anatuchezea. Nilikuwa karibu kumuunga mkono. Kisha nikahesabu: watoto wanne, kodi ya nyumba, kibanda cha unga kilichosimama kwa jina la mume, wazazi waliokula ng'ombe, na hatari yenyewe, kwa sababu wanaoifanya kazi hii wanajua kwamba wakati mwanamke anapoondoka ndio wakati anapoweza kuuawa. Yeye anamjua mtu yule kuliko sisi tunavyomjua, na hesabu yake ameifanya katika giza, bila kalamu. Tulikubaliana kwamba anayerudi hafukuzwi wala hatukanwi, na kwamba nafasi yake kwa Koko inabaki pale pale.

Kabla ya kurudi mara ile ya pili aliniletea mfuko mdogo wa nailoni, umefungwa mara mbili. Ndani kuna kadi yake ya mpiga kura, hati za kuzaliwa za watoto, cheti cha daktari cha mwaka 2020 na kingine cha 2021, ufunguo wa akiba wa nyumba, na fedha kidogo za pikipiki. Uko chini ya kitanda changu, upande wa ukutani. Hisa zake katika AVEC anaendelea kununua, moja au mbili kila Jumatano, na daftari lake la akiba linabaki kwa mweka hazina, halishuki nyumbani.

Kila trimesta inapokwisha hupanda kwangu jioni, amebeba bulteni mpya za watoto, yaani ripoti zao za shule, ndani ya kitenge. Nautoa mfuko, tunaufungua pamoja, anaziweka juu ya zile za zamani, anahesabu karatasi zote tangu ya kwanza, kisha anafunga tena mara mbili. Simwulizi lini. Safari iliyopita aliongeza kiatu kimoja kimoja cha kila mtoto, na alipoona nashangaa akaniambia kwamba kila jozi ameigawa, kimoja kwake na kimoja kwangu, ili usiku ukifika asipoteze muda wa kutafuta. Kisha akaomba chumvi, nikampa.